Fimbo na Panga Mlangoni

Leo hapa Rudewa sinema ya kisasi imenitoa jasho, na kosa si la sinema.

Kwenye kibanda chetu cha video, mfugaji huacha fimbo mlangoni na mkulima huacha panga. Ndipo mnaingia.

Hamisi alikaa mbele, Saitoti nyuma yake. Hawajasalimiana tangu ng'ombe wa Saitoti walipomaliza mahindi ya Hamisi.

Sinema yenyewe ya Waviking, wale mabaharia wapiganaji wa kale wa Ulaya. Theluji, moto, bahari nyeusi; picha nzuri mpaka unasahau kuwa watu wanachinjana.

Kijana anamsaka aliyemuua baba yake. Kibanda kizima: "Mmalize!" Hamisi alitushinda wote kwa kelele.

Mwishowe wakauana wote wawili.

Saitoti akauliza, "Sasa ng'ombe wao atawachunga nani?"

Tukacheka. Hamisi, bila kugeuka: "Na shamba atalima nani?"

Kutoka, Hamisi akatangulia mlangoni, akaishika fimbo ya Saitoti. Tukaganda. Mimi nilishaanza kutafuta dirisha.

Akamkabidhi. "Shika, bwana. Kesho njoo tuyaongee yale mahindi."

"Nitakuja."

Wakaondoka. Panga la Hamisi limebaki pale mlangoni, amelisahau.

Hakuna aliyemkimbilia nalo. Wewe ungempelekea?