Mwanamke Aliyeongeza Safu ya Tano

Jua la Julai limechomoza lakini bado halijapasha kitu. Kwenye njia panda ya Kizwite, Kalista Sikazwe amejitanda kitenge juu ya sweta. Mkono wa kushoto umeshika kibao chenye fomu, na wa kulia kaunta, kimashine cha chuma kinachoenea kiganjani. Kila mtu anapopita, kidole gumba kinabonyeza na namba inapanda.

"Mia mbili na sita," anasema bila kuinua macho. "Na saa moja na nusu haijafika."

Kalista, mwenye umri wa miaka 36, ni mmoja wa vibarua sita wa uchunguzi wa usafiri mjini Sumbawanga. Tangu mji uwe makao makuu ya mkoa miaka minne iliyopita, mwaka 1974, ofisi zimeongezeka na watu wameongezeka, lakini mabasi ya mjini ni mawili tu, na hadi juzi yote yalizunguka upande wa maofisini.

Hesabu za barabarani hupelekwa Dar es Salaam, zikaandikwa kwa matundu kwenye kadi, kadi zikaingizwa kwenye kompyuta. Kompyuta ndiyo inayoonyesha basi lipite wapi.

"Habari hiyo niliipenda sana," anasema. "Nikasema, mashine haina shemeji ofisini. Haitampendelea mtu."

Fomu aliyopewa mwezi wa Machi ilikuwa na safu nne: malori, mabasi, Landrova na baiskeli. Waendao kwa miguu hawakuwamo. Kalista hakulitilia maanani jambo hilo mpaka siku ya tisa.

Asubuhi hiyo jirani yake, Stefania, alipita akiwa na uchungu wa uzazi, ameshikwa mkono na mama mkwe wake. Walikuwa wanakwenda hospitali, kilomita nne na ushee. Hawakufika mbali. Kalista aliweka kibao chini, akakimbia, akavua kitenge chake. Mtoto wa kike akazaliwa kwenye nyasi kando ya barabara.

Aliporudi kituoni pake alisoma alichokuwa ameandika saa ile: malori mawili, Landrova moja, baiskeli kumi na nne.

"Kwa fomu ile, Stefania hakupita," anasema. "Mtu kazaa njiani, mimi nimeandika njia ilikuwa nyeupe."

Akaomba rula kwa mwalimu aliyekuwa akipita, akapiga mstari, akaongeza safu ya tano.

Jioni msimamizi wake, Ndugu Andwele, mtumishi aliyehamia kutoka Mbeya, alimrudishia karatasi.

"Mama Urbano, fomu imetoka Dar. Haiongezwi mstari."

"Basi wa Dar waje wasimame hapa, Ndugu."

"Utapoteza kibarua."

"Kibarua nitapoteza. Macho nitabaki nayo."

Kwa siku kumi na moja Andwele aliikata safu ile kwa wino mwekundu, na kila kulipokucha Kalista aliichora upya. Siku ya kumi na mbili aliamriwa kukabidhi kaunta kwa mwingine. Hakuikabidhi. Mbele ya vibarua wenzake alimwambia msimamizi, "Njoo usimame nami saa moja tu. Ukikuta nimesema uongo, chukua kaunta, chukua na sweta."

Andwele alikwenda, tena kwa hasira, asubuhi ya siku ya soko. Kalista akampa kaunta ahesabu mwenyewe. Saa ilipokwisha, kaunta ilionyesha watu 431. Basi la maofisini, kwa saa hiyo hiyo, lilikuwa limebeba abiria tisa.

"Nilidhani watu wa Kizwite hawasafiri," anakiri Andwele. "Kumbe nilikuwa nasoma karatasi, sisomi barabara."

Usiku huohuo aliandika barua kwenda Dar es Salaam, kwa jina lake mwenyewe, akaambatanisha fomu zote, pamoja na zile alizozikata. Wakubwa wake walimwandikia karipio. Wiki kumi baadaye yakaja majibu: basi moja lipite Kizwite hadi hospitali, safari tatu kila asubuhi, kwa majaribio ya miezi mitatu.

Siku ya kwanza Stefania alilipanda akimpeleka mtoto kliniki. Kalista hakupanda. Alikuwa kazini, akihesabu.

Ofisi imeshaonya kwamba basi lisipojaa litaondolewa. Kalista anacheka kidogo anapoulizwa kuhusu onyo hilo. "Waliondoe wakiwa na hesabu mkononi. Bila hesabu, nitawauliza mbele ya watu."

Mwezi wa Septemba uchunguzi unahamia barabara ya Milepa, ambako wagonjwa hubebwa kwa machela. Ameomba apelekwe huko, ombi halijajibiwa. Nyumbani kwake tayari amechora fomu arobaini, zenye safu ya wanaobebwa.

"Wakinichukua, nitakwenda na fomu zao," anasema. "Wasiponichukua, nitakwenda na zangu."