Nusu Volti ya Zeze

Jumamosi nilifuata redio yangu kwa fundi, pale Majengo, nikamkuta mama mmoja wa Buigiri amekumbatia mkoba mtupu. Ukanda wa kidijiti aliokuja nao, wa pekee wenye zeze la marehemu baba yake, ulikuwa tayari unazunguka kwenye mashine. Fundi alikuwa ameiunganisha mashine hiyo na boksi alilolitengeneza mwenyewe, la kugeuza tarakimu kuwa sauti. Kimya.

"Umefutika?" mama akauliza.

"Haujafutika, mama. Taa hii inaonyesha ukanda unasomeka."

"Basi ongeza sauti!"

Fundi akazungusha kitufe mpaka mwisho. Kimya kilekile.

"Umeona? Mashine inatoa nusu volti, boksi langu linataka tano. Chini ya hapo linadhani hakuna anayesema."

Akachukua kidude cha kukuza ishara, akakilehemu katikati ya mashine na boksi. Mama aliufuata moshi kwa macho, midomo ikisali. Fundi akaurudisha ukanda mwanzo.

Tukasikia kikohozi, kisha sauti ya mzee: "Mbukwenyi!"

Salamu ya Kigogo haiachwi hewani. "Mbukwa, baba!" mama akaitikia, akapiga goti palepale kwenye vipande vya waya, akicheka na kulia. Fundi naye akaitikia, kofia mkononi. Ndipo zeze likaanza.

Tangu siku hiyo nawatazama wapole wa ofisini kwetu kwa jicho jingine. Huenda wanasema siku nzima, kwa nusu volti.