Nilizima mikro, na kwa entretien ya kazi bakaniuliza juu ya nini

Bantu ya Kamina, munakumbuka ile asubui redio ilinyamaza katikati ya ba-annonce, matangazo ya bantu?

Haikuwa courant ya umeme njo ilikatika.

Njo miye.

Naitwa Mbombo, mutoto ya cheminot, mutumishi wa reli. Nilikuwa nasoma ba-annonce kwa redio moja ya hapa. Jina naacha.

Ile asubui directeur anaingia mu studio na bwana mumoja wa costume, suti, mwenye kuleta karatasi. Directeur ananipa ile karatasi:

"Soma: mama Suzanne, ule mujane ya askari kule base ya baaskari, iko mulozi, anaroga bantu. Bantu bamufukuze mu lupango ya nyumba yake."

Weee! Annonce ya vile inaweza kuuwisha muntu.

"Ile sisomi," nikasema.

"Soma ao toka!"

Nikakata mikro. Nikatoka.

Tangu pale, kazi hakuna. Kila mahali: "Ah, weye njo ule wa kuzima redio?" Na mulango inafungwa.

Kisha ONG moja, shirika ya musaada, ikatafuta muntu wa kufundisha bamama afya ya batoto. Nikaitwa kwa entretien, baniulize maulizo ya kazi.

Naingia. Nakuta chef, madame Exaucée. Kando yake…

Ule bwana wa costume!

Anajifanya hanijue.

Madame akauliza: "Kwa redio, ulitoka juu ya nini?"

Bwana akadakia: "Huyu iko kichwa nguvu tu, madame."

Pale njo hasira ikanipanda. Sha, nijifiche juu ya nani?

"Balinifukuza, madame. Nilikatala kumuita mama wa bantu mulozi. Hata leo bakiniletea ile annonce, nakatala tena."

"Nani aliileta?"

"Huyu, mwenye kuikala kando yenu."

Bwana akasimama, mate inaruka: "Lakini ule mama iko mulozi kweli! Ile lupango ilipashwa kuwa yangu!"

Madame akaweka bic, kalamu yake, pa meza, polepole. "Amédée, ikala. Mbombo, aksanti, unaweza kwenda."

Nikarudi nyumba najisemea: kazi imekufa, lakini nimesema.

Lundi, ni kusema Jumatatu, simu. Madame mwenyewe.

"Mbombo, kuya uanze."

"Na papa Amédée?"

"Alitoka. Kwa raisons personnelles, mambo yake mwenyewe, ni vile anasema."

Nilicheka mpaka jirani akakuya kuangalia.

Weye mwenye banakufukuza juu ya kukatala mubaya, usiinamishe kichwa mu entretien. Sema yote. Kazi banaweza kukunyima, lakini haya ibakie kwa benyewe.