Karatasi Tupu ya Karani wa Posta

Tangu watu wahamishiwe vijiji vipya, karani wa posta ya Kasulu hafuti hata mstari mmoja katika daftari lake la majina. Huongeza mwingine chini yake: jina, kijiji, na mtu wa kumpokelea barua. Hupuliza wino taratibu kama anayepoza uji wa mtoto, kisha humtumia mwenye jina bahasha yenye karatasi tupu. Asia, muuza stempu wa dirisha la pili, alipomuuliza sababu, alijibiwa, "Barua ya mtu siipitishi njia nisiyoijua."

Siku moja mama mmoja, Esteri, akaingia, ametembea kutoka kijiji kipya cha Nyakitonto, bahasha mkononi. "Haina hata neno moja. Mwanangu amekufa?" Karani, ambaye hainuki kitini kabla ya saa sita, akazunguka kaunta mbio. "Hapana, mama. Ni mimi. Nilikuwa najaribu kama barua itakufika." Akatoa barua tatu za mwana wa Esteri alizokuwa amezitunza mpaka ahakikishe njia, akamsomea zote palepale, foleni ikingoja.

Tangu hapo karatasi zile haziendi tupu. Asia akichungulia, humwona akiandika katikati, kwa herufi kubwa za kusomeka: "Huku posta hatujambo."