Karani Aliyerudisha Mchango

Karani wa shirika la misaada la dini hupokea michango kwa mikono miwili, na kabla ya kutamka neno gumu hulainisha kitambaa cha meza kwa kiganja, hata kama hakina mkunjo. Leo alikilainisha kwa muda mrefu mbele ya dada aliyetumwa na chama cha wacheza dadu, wale wa michezo ya kuigiza hadithi za majoka na wachawi.

"Wakubwa wamekataa mchango wenu, mwanangu. Wanasema hiyo ni michezo ya kishetani."

Yule dada hakubishana. Alichukua bahasha yake, akaaga kwa adabu. Alipofika mlangoni, uzalendo ukamshinda karani, akamfuata mbio huku kiatu kimoja kikimchomoka. Kijana wake mwenyewe alikuwa ameondoka nyumbani kwa ugomvi wa michezo hiyohiyo, na tangu hapo kimya.

"Mwanangu bado anacheza nanyi?"

"Kila Jumamosi, mama. Yeye ndiye aliyesema tulete mchango hapa kwako."

Karani akashika fremu ya mlango. Alitaka kuuliza kama anakula vizuri, kama amekonda.

"Na mgeni," aliuliza, "huruhusiwa kukaa tu akatazama?"