Kasyoki na Grupu ya Wenye Betri Imeisha

Kasyoki, mama mzee, alikuwa anachaji simu za watu hapo Kitengela, nyuma ya steji ya magari za Kajiado, kwa kibanda ya mabati. Wachungaji wa ng'ombe wanatoka huko ndani kwenye stima haijafika, wanamwachia simu asubuhi, wanachukua wakimaliza mambo ya soko. Watu wa ploti, wale wa nyumba za kupanga, nao wanakuja siku stima imepotea, kwa sababu yeye ako na sola. Mdomo yake ndio ilikuwa inafukuza wateja, sola inawarudisha.

Sasa, kwa ile grupu ya watsap ya ploti, mtu alitupa linki. Ilikuwa na picha ya betri nyekundu na jina, Tuchaji Pamoja. Kasyoki akaona, aa, hawa ni watu wa kazi yangu. Akafinya, akaingia. Chini kulikuwa na maneno mengi ya sheria, hakuyasoma. Nani husoma hayo? Hata wewe husomi.

Huko ndani akakuta maajabu. Mtu ameandika, "Leo niko asilimia nne." Mwingine, "Mimi kumi, lakini nimeoga." Mwingine, "Jana nilikuwa sawa, leo imeshuka yenyewe bila sababu." Na mmoja aliyejiita Embulbul, kama ile mtaa ya Ngong, ameandika tu, "Mbili. Sijatoka kitandani."

Kasyoki akasoma pole pole, kidole chini ya kila neno. Hizi ni simu gani? Na kuoga kunaingia wapi kwa mambo ya betri? Akaonelea hawa watu hakuna mtu amewafundisha kazi. Akawatumia voisi, kwa sababu kuandika humchosha.

"Wewe wa kuoga, wacha kuoga na simu, itakufa. Na wewe yako inashuka yenyewe, hiyo betri imefura. Angalia mgongo yake. Kama imefura usilale nayo, itakuchoma. Niko hapa Kitengela, leteni hizo simu nizione."

Halafu vikaanza kuingia vile vichwa vya manjano vya kucheka, vingi, mpaka simu ikatetemeka mezani. Huyo Embulbul akaandika, "Nimecheka. Sijacheka tangu Pasaka. Huyu shosho ni nani, nyanya ya nani?"

Mwingine akamuuliza, "Shosho, yangu imefura kweli. Nifanyeje?"

"Itoe, ununue ingine."

"Na kama haitoki?"

"Kwani imeshikwa na nini?"

"Hata mimi sijui, shosho. Ningejua ningekuambia."

Hiyo jibu ilimkaa kwa kichwa siku nzima. Kuanzia hapo, kabla hajafungua kibanda, Kasyoki alikuwa anakaa kwa kitanda kusikiza hao watu. Kitu moja ilimsumbua: ni biashara gani hii, na hakuna mtu anauliza bei? Wanaulizana, umekula? Umelala? Umefungua dirisha? Yeye mwenyewe hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumuuliza kama amekula. Mulinge, kijana yake, ako Mombasa na hupiga simu akitaka kitu. Sitamtetea. Basi siku moja huyo Embulbul akamuuliza, "Shosho, na wewe umekula?" na Kasyoki akaweka simu chini kama imemuuma, akatoka nje kupanga waya zenye zilikuwa zimepangwa.

Alhamisi, mama mmoja akaja kibandani, si msichana na si mzee, amevaa koti la kazi la duka la hadwea.

"Takwenya, yeyo," akasalimia Kimasai, vile mtu husalimia mama yake.

"Iko," Kasyoki akajibu. Kitengela imemfundisha hiyo tu. "Leta simu."

Akapewa simu. Akaiwasha, akaiangalia, akamwangalia mwenyewe.

"Hii imejaa."

"Najua."

"Umetoka kwenu ukaja kunichezea? Niko na kazi mimi!"

"Simu imejaa, yeyo. Mimi ndio sijajaa." Akavuta kreti ya soda, akaketi bila kukaribishwa. "Naitwa Naipanoi, natoka Kajiado. Mimi ndio admini wa ile grupu. Nimeuliza kibanda ya kuchaji mpaka nikafika, nione ni nani anaambia watu wangu walete simu. Nilifikiri ni mkora."

Kasyoki alikuwa na plaiya mkononi. Akaiweka chini.

"Kwa hivyo hao watu wote… si simu?"

"Si simu."

"Na yule nilimwambia atoe betri?"

"Huyo ndio amenisihi nisikutoe."

Kasyoki akajifunika mdomo, mdomo yenye haikuwa imezoea kufunikwa. Lakini aibu haikukaa. Kilichokaa ni kutaka kujua.

"Wako na nini basi?"

"Depreshen."

"Na kwa Kiswahili?"

"Wanasema sonona."

"Nani anasema? Nimezeeka na hiyo neno sijaisikia. Kwa Kimasai je?"

Naipanoi akafikiria. "Nyumbani hawakusema neno. Walisema naringa."

"Inauma wapi?"

"Haiumi, yeyo. Umeketi, mlango iko hapo mbele yako, unajua ukisimama utaufikia. Na husimami. Hakuna mtu amekushika. Mimi niko na daktari, niko na dawa, na kazi naenda. Lakini daktari hayuko saa ile uko mbele ya mlango. Ndio tukatengeneza grupu. Mtu akishuka sana tunampigia, tunatafuta wa kumpeleka hospitali."

Kasyoki alikuwa ameuona huo mlango. Baada ya kuzika bwanake aliketi kwa nyumba mpaka unga ikaingia wadudu, nywele ikashikana, na majirani wakachoka kubisha. Nthenya, dada ya bwanake, alikuja na akina mama wa kanisa, akasimama hapo katikati akasema, "Hii si majonzi, ni uvivu. Alimchosha ndugu yangu, sasa anataka kutuchosha sisi." Huyo Nthenya ako hai, anaimba kwaya. Hajawahi kuomba msamaha, na hata akiomba atarudi nayo kwake.

"Sheria ni hii," Naipanoi akasema. "Mwenye hana hiyo kitu hakai ndani. Watu wanasema mambo ya ndani sana pale, na tulikubaliana wote. Ukiniambia si yako, nitakutoa leo. Pole, yeyo, hata kama wanakupenda."

"Mimi si mgonjwa. Mimi nafanya kazi."

"Hata mimi nafanya kazi."

Morani mmoja akaja kuchukua simu yake, akapewa bila hata kutukanwa, akaondoka akiangalia nyuma.

Kasyoki akafikiria asubuhi ya kesho. Kitanda, mabati, na simu imenyamaza.

"Nikisema ni yangu," akauliza, sauti imeshuka, "si Nthenya atakuwa alisema ukweli?"

"Nthenya ni nani?"

Akamwambia yote. Naipanoi akasikiza mpaka mwisho.

"Alisema uvivu," akasema. "Uvivu na hii si kitu moja. Mtu mvivu hulala akapumzika. Wewe ulipumzika?"

"Hata siku moja," Kasyoki akasema, na akashangaa vile ilitoka haraka.

Naipanoi hakumsukuma. Kasyoki akachukua simu yake mwenyewe, akafungua grupu, akashikilia ile alama ya voisi na kidole gumba.

"Hamjambo. Ni mimi wa betri. Nimeambiwa sasa hivi mnaongea nini, na wewe nilikuambia utoe betri, nisamehe, lakini ungenieleza. Mimi pia, bwanangu alipokufa, nili…"

Kidole ikateleza, voisi ikaenda ikiwa nusu. Kabla hajalaani simu, jibu likaingia. Embulbul. "Uli nini, shosho? Tuko hapa."

"Waone haraka yao," akamwambia Naipanoi, na akageuka kidogo aangalie ukuta wa mabati. Akashikilia tena.

"Ngojeni. Mimi si redio. Nilikuwa nimefika kwa matanga. Sasa, kuna mtu anaitwa Nthenya…"