Bwana Afya na Mchicha wa Mama Emerensiana

Bwana afya wa kata yetu ya Lumemo alikuwa na mikono mikubwa na sauti ndogo. Kila asubuhi alipita kwenye kiwanja kilichokuwa na ghala la dawa za pamba, akakaza kamba aliyokizungushia, akainama kunusa udongo, kisha akapiga chafya. Dawa zilikuwa zimevuja humo miaka mingi, na sheria ndogo za halmashauri zilikataza kulima hapo mpaka udongo uondolewe. Mwaka 1996 jirani yangu mjane, Mama Emerensiana, aliivuka ile kamba akapanda mchicha, ukastawi kweli. Bwana afya alipoukuta, alivua kofia.

“Shikamoo, mama. Watoto wameshaula huu?”

“Marahaba. Tulikuwa tuuchume leo.”

“Hauliwi, mama. Una sumu.”

“Sasa wanangu wale hiyo kamba yako?”

Bwana afya alivaa glavu, akang’oa mche mmoja mmoja, taratibu, kama anayeogopa kuuumiza, akaitia yote kwenye pipa. Mama alilia, naye akajifuta macho kwa kiwiko. Kesho yake alimwita uani kwake, alikokuwa ameshalima matuta matatu.

“Ni yako, mama,” alisema akitazama chini. “Samahani, moja limepinda.”